Jibu: Simu ya "umeshinda milioni 5, lipia 35,000"

Pole ndugu kwa hiyo simu aliyopigiwa mama yako, akiambiwa ameshinda milioni 5 ila atangulize 35,000. Mama asitume hata senti. Hiyo 35,000 ya "kodi ya zawadi" ndiyo utapeli wenyewe: kodi ya ushindi hukatwa na mwendesha mchezo kabla hajalipa; mshindi hatangulizi chochote. Akishatuma, kesho ataambiwa kuna "ada ya usajili", kisha nyingine.

Angalia namba iliyompigia. Huduma kwa wateja ya mitandao ya Tanzania hupiga kwa 100. Hiyo inayoanza na 07 ni laini ya mtu binafsi. Jina kamili walilomtajia lisimbabaishe, huonekana kwa yeyote anayejaribu kumtumia pesa. Na wakimwambia abonyeze tarakimu fulani huku wako hewani, akate simu: humwongoza hadi kwenye menyu ya kutuma pesa, yeye mwenyewe akaidhinisha kwa namba yake ya siri.

Kuripoti: kama walituma na SMS, usiifute. Itume kwenda namba 15040 ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), ukiulizwa namba ya tapeli iandike. Haikugharimu zaidi ya dakika mbili.

Kama pesa imeshatoka, piga 100 saa hiyohiyo ukiwa na kumbukumbu ya muamala, maana ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Kisha nendeni polisi mchukue RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu).