Maswali ya Wasomaji: Je, Klorini na Rangi Zinaweza Kuitwa "Vifaa vya Nyumbani"?

Swali: Ndugu Mhariri, ninaandaa kontena la futi 20 litakalosafirishwa kwa meli hadi nchi nyingine, ambako mimi na mshirika wangu tunakamilisha nyumba ya wageni. Pamoja na samani, nimenunua makopo 30 ya rangi ya mafuta ya lita 20 kila moja, mapipa ya plastiki yenye klorini ya chembechembe ya kusafishia bwawa la kuogelea, na betri nne za lithiamu za kuhifadhi umeme wa jua. Wakala wangu amenishauri niandike kwenye hati kwamba kontena lina "vifaa vya nyumbani" tu, kwa kuwa nikivitaja vitu hivyo nitatozwa ada ya ziada na huenda mzigo ukakataliwa. Anasema kila mtu hufanya hivyo. Je, ushauri huu una ubaya gani, na nikiukataa nianzie wapi? — Mwekezaji mdogo

Jibu: Ndugu msomaji, nakuomba usiufuate ushauri huo. Vitu vyote vitatu ni shehena hatari kwa mujibu wa kanuni za kimataifa zinazojulikana kwa kifupi cha IMDG, ambazo shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa baharini, IMO, lilizipitisha mwaka 1965, na ambazo tangu tarehe 1 Januari 2004 ni za lazima. Rangi ya mafuta iko katika daraja la 3, la vimiminika vinavyoshika moto; klorini ya bwawa, ambayo kwa kawaida ni kalsiamu haipokloriti, iko katika daraja la 5.1, la vitu vinavyotoa oksijeni na kuuchochea moto; betri za lithiamu ziko katika daraja la 9, la vitu vyenye hatari za namna nyingine. Kuvificha ni kosa la kisheria, lakini adhabu ni jambo dogo likilinganishwa na yanayoweza kuwapata watu walio melini.

Kontena lililotiwa lakiri halifunguliwi njiani, kwa hiyo nahodha na mabaharia wake wanajua kilichomo kwa kusoma karatasi tu. Moto ukizuka ndani ya ngama, yaani chumba cha shehena, mara nyingi tegemeo lao kubwa ni kufunga kila upenyo na kumimina gesi ya kaboni dioksaidi ili moto ukose hewa. Njia hiyo inaweza kuuzima moto wa samani. Klorini yako haizimiki hivyo, kwa sababu ikipata joto huvunjikavunjika na kutoa oksijeni yake yenyewe. Moto wa namna hiyo hutaka maji mengi, tena mapema. Yapo majedwali ya dharura, yaitwayo EmS, yanayomwelekeza baharia cha kufanya kwa kila bidhaa hatari, ila hawezi kufungua ukurasa wa bidhaa ambayo hakuambiwa kwamba ipo. Zimamoto wa bandarini hawako karibu, na chombo cha kukimbilia ni kile kile kinachoungua.

Mahali pa kupakia nako hutegemea maandishi yako. Klorini ikitajwa, mpangaji wa shehena ataiweka juu ya sitaha, mbali na vyanzo vya joto. Ikiitwa vifaa vya nyumbani, itawekwa popote penye nafasi, hata kando ya tangi la mafuta mazito ambayo meli huyapasha joto. Mwaka 2012, katikati ya Atlantiki, kemikali iliyokuwa ndani ya meli ya MSC Flaminia ilipata joto hadi ikaanza kujichemsha yenyewe, na mlipuko na moto uliofuata uligharimu maisha ya mabaharia watatu. Kila ninaposoma habari za ajali hiyo, nawaza kwamba aliyeko melini hana njia ya kuikagua kauli ya mtumaji.

Kuna jambo ambalo wakala wako alipaswa kukuambia kabla ya kuzungumzia ada. Kwa vipimo ulivyovitaja, rangi na klorini haziruhusiwi kuwa ndani ya kontena moja, kwa kuwa madaraja ya 3 na 5.1 lazima yatenganishwe. Kopo likipasuka na rangi ikaigusa klorini, joto la mchanganyiko huo linaweza kuwasha moto bila cheche yoyote. Kwa hiyo mpango wako wa kontena moja hauwezekani hata ukiandika ukweli wote. Ningekuwa wewe, ningeuliza kwanza kama rangi na klorini hazipatikani huko huko unakojenga.

Ukiamua kusafirisha, mdai muuzaji karatasi ya taarifa za usalama ya kila bidhaa. Ina sehemu 16. Isome ya 14, inayohusu usafirishaji, nayo itakupa nambari ya UN yenye tarakimu nne, jina rasmi la usafirishaji, daraja, na kundi la ufungashaji, yaani I kwa hatari kubwa, II kwa ya wastani na III kwa ndogo. Rangi ni UN 1263, na betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake ni UN 3480. Klorini ina nambari zaidi ya moja, kulingana na nguvu na unyevu wake, kwa hiyo usikisie. Kwa betri, omba pia muhtasari wa majaribio ya usalama wa betri yaitwayo UN 38.3, na usipakie betri yoyote iliyovimba au kugongwa.

Taarifa hizo huingia katika tamko la shehena hatari, na hata wakala akikujazia, ukweli wake unabaki kuwa wajibu wako. Mpakiaji wa kontena naye hutia saini cheti cha upakiaji. Ijulishe kampuni ya meli wakati wa kuomba nafasi, si siku ya kufikisha mzigo bandarini.

Ada ya ziada ipo, sikufichi. Njia halali ya kupunguza masharti ni utaratibu wa kiasi kidogo: rangi ya kundi la II au III ikiwa katika makopo yasiyozidi lita 5, ndani ya maboksi yasiyozidi kilo 30 kila moja pamoja na vifungashio, hulegezewa baadhi ya masharti, ingawa bado ni lazima itajwe. Makopo yako ya lita 20 hayamo.

Swali: Tunarudisha mapipa matupu yaliyokuwa na kiyeyusho kinachoshika moto kwa mtengenezaji wake ng'ambo. Je, nayo ni shehena hatari? — Msimamizi wa ghala

Jibu: Ndiyo, ikiwa hayajasafishwa. Pipa lililomwagwa likabaki na mvuke wa kimiminika kinachowaka huweza kulipuka upesi kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke umekwisha kuchanganyika na hewa. Yatajwe kama yalivyotajwa yakiwa yamejaa, maneno ya kwamba ni matupu na hayajasafishwa yaongezwe kwenye hati, vizibo vikazwe, na lebo zibaki mahali pake hadi yatakapooshwa na mvuke wote kuondolewa.