Padre, nyota niliyokuwa naifuata imezimika, nilikosea kusikia?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo Padre. Mimi ni mama wa watoto wawili, nilikuwa mtunza stoo kwenye kampuni moja hapa mjini. Mwezi wa kumi bosi alianza kunilazimisha nisaini kwamba mzigo umeingia wakati haujaingia. Nikafunga siku tatu nikaomba, nikapata amani kabisa moyoni kwamba nisisaini, nikakataa. Basi nikasumbuliwa weee mpaka katikati ya Desemba nikaandika barua ya kuacha kazi. Siku ile nilitoka getini nikiwa na furaha Padre, nilijiona kabisa Mungu ananishika mkono. Sasa ni Januari, kodi inadaiwa, watoto wanataka madaftari na sare, mume wangu ananiuliza huyo Mungu aliyekuambia ukatae mbona hajakuambia tutakula nini. Nikiomba naona giza tu. Jumapili ni Tokeo la Bwana, sikukuu ya mamajusi waliofuata nyota kwenda kwa mtoto Yesu, binti yangu wa Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto kanisani, amepangiwa kubeba nyota kwenye maandamano na mimi naona aibu hata kwenda, sina hata sadaka. Je nilikosea kusikia? Mbona mamajusi nyota iliwaongoza mpaka mwisho?

JIBU: Milele amina mama, na pole sana. Meseji yako nimeisoma mara tatu, na naomba nianzie mwisho, kwenye hilo swali la nyota, maana naona ndilo linalokuumiza kuliko hata kodi.

Umesema nyota iliwaongoza mamajusi mpaka mwisho. Hebu chukua Biblia yako fungua Mathayo sura ya 2 usome polepole, usisome kama tunavyoiona kwenye kadi za Krismasi. Wale watu wanafika Yerusalemu wanasema hivi, "tuliiona nyota yake mashariki, nasi tumekuja kumsujudia." Tuliiona! Waliiona huko kwao. Mathayo hajaandika popote kwamba ilikuwa inatembea mbele yao njia nzima mpaka Yerusalemu. Inakuja kutajwa kwamba inawatangulia kwenye mstari wa 9, wakiwa wameshatoka kwa mfalme Herode wanakwenda Bethlehemu. Na mstari wa 10 unasema "walipoiona ile nyota, walifurahi furaha kubwa mno." Sasa jiulize mwenyewe, mtu anafurahi namna hiyo kwa kitu ambacho amekuwa anakiona kila usiku? Furaha ile ni ya mtu aliyekuwa amekikosa. Na wala sio mimi niliyegundua hili, Mtakatifu Yohane Krisostomo aliyefariki mwaka 407 alishawahubiria waumini wake kwamba nyota ilijificha, wakabaki hawana la kufanya isipokuwa kuulizia njia.

Halafu angalia umbali. Mathayo anasema tu mashariki, lakini kama walitoka pande za Babeli basi tuna kipimo kwenye Biblia hiyohiyo, Ezra alitoka Babeli tarehe moja ya mwezi wa kwanza akafika Yerusalemu tarehe moja ya mwezi wa tano (Ezra 7:9). Miezi 4 mama. Wewe tangu uache kazi haijaisha hata wiki ya nne. Sisemi hivi kukudharau, nasema hivi kwa sababu giza la wiki tatu wewe umeshalifanya kuwa ushahidi kwamba hukuitwa, wakati watu tunaowaimbia kila mwaka walitembea muda mrefu kwa kukumbuka tu kile walichokiona siku ile wakiwa nyumbani kwao.

Kwa hiyo ulikosea kusikia? Mimi nasema hukukosea, na sisemi kwa kukufariji. Ulichoambiwa kilikuwa ni kitu kimoja, usisaini uongo. Hilo liko kwenye amri kumi, halihitaji hata nyota. Ukafunga, ukaomba, ukapata amani, ukatii. Hukuahidiwa kwamba Januari itakuwa nyepesi. Sisi waumini tuna hii tabia (na mapadre tumo), Mungu akituonyesha hatua moja tunamdai atuonyeshe ramani nzima, asipotuonyesha tunasema basi hata ile hatua ya kwanza haikuwa yake.

Sasa twende kwenye ujasiri, maana hapa ndipo hadithi ya mamajusi ilipo tamu na watu wengi hawapaoni. Nyota ilipokosekana walifanya nini? Waliuliza. Na waliuliza wapi, Yerusalemu, mji wa Herode, mtu ambaye mwanahistoria Yosefo ameandika kwamba alimuua mke wake Mariamne na baadaye wanawe watatu kwa sababu ya wivu na hofu ya kiti chake. Ndani ya mji wa mtu kama huyo wageni wanaingia wanauliza hadharani "yuko wapi yeye aliyezaliwa mfalme wa Wayahudi?" Mathayo anasema Herode alifadhaika na Yerusalemu yote pamoja naye, na mimi naelewa kabisa kwa nini, swali kama lile lingeweza kumwaga damu, na kweli baadaye ilimwagika. Kwa hiyo ukimuona mamajusi amesimama anauliza njia usidhani imani yake imepungua, pale ndipo alipokuwa jasiri kuliko alipokuwa anaangalia mbingu kwao.

Na waliomjibu ni akina nani? Wakuu wa makuhani na waandishi. Wakajibu vizuri kabisa, Bethlehemu ya Uyahudi, wakatoa na andiko la nabii Mika. Walikuwa wanajua kila kitu, na Bethlehemu ni kama kilomita 9 tu kutoka pale, lakini hatusomi kwamba yupo hata mmoja aliyevaa viatu akaenda. Hapa huwa naogopa mama, kwa sababu mimi kazi yangu ni hiyohiyo ya kutoa maandiko. Lakini ona pia upande wa pili, Mungu aliwaongoza mamajusi kwa mdomo wa watu ambao wenyewe hawakwenda. Yaani mwanga wako unaweza kupita kwa mtu ambaye humtegemei kabisa.

Ndiyo maana nakuambia uliza. Usikae ndani unalia na madirisha umefunga. Kwanza, kama uliacha kazi kwa kusumbuliwa, nenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, waeleze, usiamue mwenyewe kwamba huna haki kisa uliandika barua. Ila wahi, malalamiko ya kuachishwa kazi yanatakiwa yafike ndani ya siku 30 na wewe zako zinakimbia. Pili, sema kwenye jumuiya yako. Najua utaniambia aibu. Mamajusi walikuwa watu wazima wenye elimu yao na wakauliza njia kama watu waliopotea, kwa sababu kweli walikuwa hawajui.

Kuhusu mume wako, usimhesabu kuwa Herode. Herode aliuliza ili aue, mumeo anauliza kwa sababu anaogopa njaa ya watoto wake na hofu yake ni ya halali. Mwambie ukweli kwamba hata wewe unaogopa. Mkae mpige hesabu ya kodi pamoja, nadhani hilo litamtuliza kuliko ukimhubiria.

Na furaha. Rudi tena mstari wa 10, ona wamefurahi saa ngapi. Mtoto hawajamuona bado, wanaingia nyumbani mstari wa 11. Herode yuko nyuma yao, safari ya kurudi kwao yote bado, tena ndoto itawaambia wapite njia nyingine. Furaha kubwa mno imewakuta barabarani, usiku, mambo yote hayajaisha. Kwa hiyo ile furaha uliyotoka nayo getini usiitupe ukasema ulidanganyika, ilikuwa ya kweli na Mungu hajaiomba irudi.

La sadaka ndilo limeniuma zaidi. Kwamba mama amekataa wizi kwa ajili ya Mungu halafu anaona aibu kuingia nyumbani kwake kwa kukosa noti ya elfu moja! Soma mpangilio wa mstari wa 11, waliingia, wakamwona mtoto pamoja na Mariamu mamaye, wakaanguka wakamsujudia, ndipo wakafungua hazina zao. Na wachungaji kwa Luka walikuja usiku, hatusikii kwamba walibeba chochote, na walirudi wanamsifu Mungu. Ile saini uliyokataa kuweka imeshafika altareni kabla yako.

Jumapili nenda na binti yako, mfungie nyota yake vizuri kwenye fimbo isije ikalegea njiani, ukae benchi za mbele umuone anavyopita. Mimi nia yako nitaiombea kwenye misa ya pili, bila jina.