Zuhura na Zahra ni jina moja?
Hapana dada, si jina moja ila ni ndugu kabisa, yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kung'aa. Aliyekwambia Zuhura ni ua kachanganya mafaili, ua ni zahra, na hiyo Zahra yenyewe wengi wanampa mtoto kwa ajili ya Bi Fatima binti Mtume aliyeitwa az-Zahraa, yaani mwenye nuru. Zuhura sasa ni ile sayari, Kiarabu wanaiita az-Zuhara na sisi Waswahili tumeichukua hivyo hivyo, hata kwenye vitabu vya shule iko kati ya Utaridi na Dunia. We toka nje kabla jua halijachomoza, miezi mingine jioni upande wa magharibi, utaona kitu kinawaka cheupe hata hakimetimeti, ukitoa jua na mwezi hakuna kinachoishinda kwa mwanga angani. Ndo huyo Zuhura. Wengine wanaandika Zuhra, sawa tu, japo mi naona Zuhura linatamkika vizuri zaidi. Mpe tu binti, jina zuri hilo.