Hewa ya juu ya bawa haina miadi na ya chini

Swali: Jambo Papa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa sita wa msingi, tunakaa Katuba, Lubumbashi. Mwalimu alitufundisha kwamba bawa la ndege limevimba kwa juu, kwa hiyo hewa ya juu ina njia ndefu, inakimbia ili ifike nyuma pamoja na mwenzake aliyepita chini. Lakini kwenye simu ya kaka nimeona ndege inaruka tumbo juu na haianguki. Sasa ni nini kinachoishikilia?

Jibu: Jambo mwanangu. Swali lako ni zuri sana. Usimlaumu mwalimu; maelezo hayo yamo katika vitabu vingi, na hata mimi nilifundishwa hivyo kabla sijaanza ufundi wa ndege. Lakini si kweli kwamba hewa ikigawanyika mbele ya bawa lazima ikutane tena nyuma. Wataalamu wamepitisha moshi juu na chini ya bawa, wakaona wa juu unafika mapema, wa chini umeachwa. Kasi ya juu ipo kweli. Sababu yake ndiyo iliyokosewa. Tena ndege nyingi za michezo ya angani zina mabawa yaliyovimba sawasawa pande zote mbili. Njia ni sawa, na zinaruka.

Tuanze na hewa yenyewe, maana watoto wengi huiona si kitu. Fikiria sanduku lenye mita 1 kila upande. Mchana wa jua hapa Lubumbashi, hewa iliyomo ina karibu kilo 1. Kitu chenye uzito unaweza kukisukuma, nacho kikakusukuma.

Umeshaona mtu aliyebeba bati kichwani mwezi wa nane, upepo ukivuma? Akililaza vizuri, anatembea salama. Ukingo wa mbele ukiinuka kidogo tu, bati linataka kumponyoka liende juu. Bati hilo halikuvimba popote. Linaugeuza upepo uelekee chini, na upepo nao unalisukuma juu. Mwanasayansi Mwingereza Newton aliiandika kanuni hiyo mwaka 1687: ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa nguvu ileile.

Bawa ni fundi kuliko bati. Mgongo wake nao unaivuta hewa ya juu ifuate mteremko hadi chini, na hapo mkandamizo wa juu unapungua kuliko wa chini. Tofauti yenyewe ni ndogo ajabu. Chukua Grand Caravan, ile ndege ya rafadha moja puani. Ikijaa ina karibu tani 4, na mabawa yake ni mita za mraba 26 hivi. Gawanya: kila mita ya mraba inabeba kama kilo 150, yaani mifuko 3 ya simenti. Sasa, hewa ya kwetu inakandamiza kila mita ya mraba kwa uzito wa karibu tani 9, juu na chini vilevile. Upande wa juu ukipungukiwa sehemu 2 tu kwa 100, mifuko yako 3 imebebwa.

Ile ndege ya tumbo juu, rubani wake aliinua pua kuelekea angani kuliko kawaida, ili bawa lililogeuka liendelee kuipeleka hewa chini. Uvimbe unasaidia, lakini pembe, yaani jinsi bawa lilivyoinuka mbele ya upepo, ndiyo inayobeba.

Jaribu mwenyewe siku ya upepo. Shika daftari lenye gamba gumu, likiwa limelala, kisha inua kidogo ukingo unaoutazama upepo. Utasikia linapanda. Endelea kuinua: litaanza kutetemeka na kuvutwa nyuma. Bawa nalo likiinuka kupita pembe ya nyuzi 15 hivi, hewa inauacha mgongo wake na nguvu ya kubeba inaanguka ghafla. Rubani analiogopa jambo hilo, na ana haki.

Sanduku letu, kwenye usawa wa bahari na nyuzijoto 15, lingekuwa na kilo 1.2. Uwanja wetu wa ndege wa Luano uko mita 1,300 hivi juu ya bahari, na mwezi wa kumi joto linapita nyuzi 30. Juu hivyo na kwa joto hilo hewa ni nyepesi: bawa linapata kidogo cha kusukuma, na injini nayo inachoka. Ndiyo maana rubani wa ndege ndogo huangalia kipimajoto kabla ya kukubali mizigo: ndege iliyopaa vizuri saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na mzigo uleule itakimbia mbali zaidi kabla ya kuiacha ardhi.