Gari la waya na gari la rimoti

SWALI: Mambo mhariri, mwanangu wa miaka 4 gari la waya hataki hata kuliona, anataka la rimoti tu, hivi hii midoli ya plastiki imeanza lini? Mama, Morogoro

JIBU: Poa mama, plastiki ilishika kasi baada ya vita kuu ya pili, ona LEGO, kampuni ya midoli ya Denmark, walianza na midoli ya mbao 1932, matofali ya plastiki yakaja 1949, ghala la midoli ya mbao likaungua 1960 ndo wakaachana na mbao kabisa. Huku kwetu tulijitengenezea, waya, makopo, matairi ya ndala zilizokatika, mtoto anajifunza kukunja na kupima, rimoti haimpi hayo. Sasa gari la waya usimpe likiwa tayari jamani, kateni ndala pamoja, matairi afunge mwenyewe.