Ukiingia Marekani kwa H-1B, soma tarehe ya I-94

Wadogo zangu wanaopata kazi Marekani kwa H-1B, viza ya kazi za kitaaluma, hunipigia simu na swali lilelile: "Kaka, viza yangu ni ya miaka mingapi?" Na mimi nilianza na swali hilo, na nusura linipotezee kila kitu.

Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti inakuruhusu kufika mlangoni ukabishe hodi. Utakaa ndani hadi lini, hilo huamuliwa na afisa wa uhamiaji siku unayoingia, na huandikwa kwenye kumbukumbu iitwayo I-94. Ukifika kwa ndege hupewi karatasi. Unaitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya CBP, idara ya forodha na mipaka ya Marekani, kwa namba ya pasipoti.

H-1B yangu iliidhinishwa kwa miaka mitatu. Nikaenda Tanga kumzika shangazi, nikarudi na pasipoti iliyobakiza miezi minane. Afisa akagonga mhuri, nikachukua begi nikaondoka. Kumbe I-94 yangu ilikatwa ikomee siku ile pasipoti inapokwisha. Baadaye nilipata pasipoti mpya nikadhani nimemaliza kazi, lakini pasipoti mpya hairefushi I-94. Niligundua zikiwa zimebaki wiki tatu. Mwanasheria wa kampuni akakimbiza maombi ya kuongeza muda yakafika kabla ya tarehe. Ningechelewa, ningekuwa nakaa kinyume cha sheria huku barua ya idhini ya miaka mitatu iko kabatini. Na anayezidisha siku 180 kisha akaondoka nchini, hufungiwa kurudi kwa miaka mitatu. Akizidisha mwaka mzima, ni kumi.

Kwa hiyo kabla ya kupanda ndege, angalia pasipoti yako ina muda gani. Kama ni mfupi, ibadilishe kwanza.

Jambo la pili: H-1B huombwa na mwajiri, wewe huwezi kujiombea. Mwajiri hukusajili mwezi Machi. Nafasi ni 65,000 kwa mwaka, na 20,000 zaidi kwa wenye shahada ya uzamili au ya juu zaidi kutoka vyuo vya Marekani. Majina yakizidi, huchaguliwa, na kazi huanza Oktoba mosi. Wakala anayekuambia umlipe akushikie nafasi anakuibia. Nimeona kijana ameuza kiwanja cha baba yake kwa ahadi hiyo, na iliniuma sana.

Ukiachishwa kazi, una hadi siku 60 za kubaki nchini, au hadi mwisho wa I-94 kama uko karibu zaidi. Usizimalize kwa kuona haya kuwaambia watu. Mwajiri mpya akipeleka maombi yako ndani ya siku hizo, unaweza kuanza kazi kwake bila kungoja majibu. Na aliyekuachisha kabla ya muda wa idhini kwisha anadaiwa gharama ya kawaida ya nauli ya kukurudisha nyumbani. Idai, ni haki yako.

Siku hizi nikitua, naifungua I-94 kwenye simu kabla sijafika kwenye mabegi. Mke wangu na mwanangu wana H-4, viza ya familia ya mwenye H-1B, na kila mmoja ana I-94 yake, kwa hiyo nazisoma zote tatu. Safari iliyopita, I-94 ya mtoto ndiyo ilikuwa fupi kuliko zote. Pasipoti yake ndiyo inayokwisha kwanza.