Barua zenu: Posa imevunjwa, redio inataka pesa

SWALI

Shikamoo Bibi. Sisi ni kikundi cha vijana na kina mama wa Maweni, hapa Malindi. Wengi wetu ni Wagiriama, tuna Wabajuni wachache na kaka mmoja Mwaata. Posa ya mwenzetu ilivunjwa baada ya wazee wa upande wa mume kusema hawawezi kuchanganya damu na "watumwa wetu wa juzi". Haukupita muda, vijana wetu wawili wakafukuzwa ufuoni na askari wa hoteli, na wazungu waliokuwa wamelala hatua chache kando yao hawakuguswa. Tukaamua kufanya kampeni ya kupinga ubaguzi wa rangi na asili pamoja na redio ya mtaani. Tumekwama. Mzee mmoja wa mtaa anasema ubaguzi wa rangi ni mambo ya Marekani na Afrika Kusini, sisi tunaleta fitina. Na redio nayo inataka tulipie kila saa ya hewani. Tufanyeje?

Binti wa Maweni, Malindi

JIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza mpe pole huyo mwenzenu, na mwambie bibi yake wa Langoni, Lamu, niliyeolewa Malindi na nikaisomea redio habari hadi sauti ikapasuka, yuko upande wake.

Mzee wenu nampa heshima yake, lakini katika hili hasemi kweli. Malindi hii ilifufuliwa miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Zanzibar, na mtama uliopakiwa majahazini ulilimwa na watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907. Wako watu wazima Malindi na Lamu ambao babu wa baba zao walizaliwa kabla ya mwaka huo, wengine upande wa mwenye shamba, wengine upande wa mwenye jembe, na majumbani bado watu wanakumbuka nani alikuwa nani. Maneno hayo hutoka wakati wa posa, wakati wa kugawa urithi na wakati wa kugombea kiti msikitini. Mzee wenu ameyasikia maisha yake yote.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo kampeni nyingi za pwani hufia. Najua jibu litakalowajia mdomoni mkipewa maikrofoni: "Sisi Wagiriama hatukuwa watumwa, wale wa mashambani wengi waliletwa kutoka kusini, nchi za Ziwa Nyasa." Kwa historia mna haki kwa sehemu kubwa. Lakini mkilisema hewani mmekwisha. Mtakuwa mmekubali kwamba kuzaliwa na mtumwa ni aibu, mkamsukumia jirani aibu hiyo. Na jirani huyo yupo, anawasikiliza, pengine jikoni na mtoto mgongoni. Binti yenu hakutukanwa kwa sababu wazee wale wamekosea historia. Angekuwa kweli kitukuu wa mtumwa, ile posa ingekuwa imevunjwa kwa haki? Hilo ndilo swali la kuuliza redioni, na liulizwe bila kupambwa.

Halafu tazameni ndani ya kikundi chenu. Umemtaja kaka Mwaata mmoja. Waata walikuwa wawindaji wa ndovu, wenye upinde mrefu uliojulikana nchi nzima. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikaigeuza Tsavo kuwa mbuga, na katika miaka ya hamsini wakakamatwa kwa wingi kama majangili katika pori la baba zao. Wengi wakaishia kuomba pa kulima kwa majirani, na majirani hao, Wagiriama wakiwamo, si wote waliowapokea kama watu sawa nao. Muulizeni kaka huyo anaitwaje mkiwa na hasira naye. Akiwajibu kweli, mmepata kipindi chenu cha kwanza.

Niliwahi kukaa pembeni katika studio ndogo, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, feni imezimwa kwa sababu ya kelele, na sisi tunatiririka jasho. Mgeni alikuwa mama wa Kiwaata. Mtangazaji, kwa nia njema kabisa, akamkaribisha kama "mgeni wetu kutoka msituni". Mama akasubiri amalize, akasogeza maikrofoni karibu na mdomo, akasema: "Mimi natoka mtaa wa nyuma ya stendi. Nauza mabuyu. Wewe umeshanunua kwangu." Simu zilizoingia baada ya hapo hazikuwa za mjadala wa ubaguzi. Watu waliuliza bei ya mabuyu, wakauliza watoto wake wanasoma wapi, na mmoja akauliza mbona hamwoni tena sokoni siku za Ijumaa. Nawaambia kweli, saa ile ilifanya kazi kuliko semina yoyote niliyohudhuria, na nimehudhuria nyingi zenye soda na bahasha.

Kwa hiyo msiombe "kipindi maalumu cha ubaguzi". Watu hubadilisha stesheni. Ombeni nafasi ndani ya vipindi vinavyosikilizwa tayari: hali ya bahari kwa wavuvi alfajiri, matangazo ya vifo, salamu za jioni. Mvuvi Mbajuni na mvuvi Mgiriama wazungumzie kusi na bei ya mafuta ya mashine, na katika mazungumzo hayohayo mmoja aseme yaliyompata alipokwenda kuomba pa kutia nanga mahali fulani.

Kuhusu pesa. Redio ya jamii Kenya hupewa leseni ya kutotafuta faida, na hiyo ndiyo tofauti yake na redio ya biashara. Basi ulizeni kwanza mnazungumza na redio ya aina gani. Ikiwa ni ya jamii, kudai malipo ya saa kwa kikundi cha mtaa si sawa, lakini umeme na mtambo haviendeshwi kwa dua. Wapeni kazi badala ya pesa: vijana wawili wa kurekodi mitaani, mtu wa kutafsiri kutoka Kigiriama, mtu wa kupokea simu jioni. Koch FM ya Korogocho, Nairobi, ilianza mwaka 2006 ndani ya kontena, na vijana wa mtaa wenyewe ndio walioibeba. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: nani anachagua wageni, rekodi ni mali ya nani, nani anajibu likija lalamiko. Na mwandike wazi kwamba hamtapokea pesa ya mwanasiasa. Atakuja, tena atakuja na fulana, na siku atakapoanza kusema "wenyeji" na "wageni" jukwaani, sauti yake itakuwa inatoka kwenye kampeni yenu.

Mnataka kitu cha kudai? Chukueni ufuo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Askari wa hoteli hana mamlaka ya kumwondoa mtu pale, awe mweusi au mweupe. Na kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa rangi na asili, si kwa serikali peke yake, hata kwa mtu binafsi. Nendeni na maikrofoni maji yakipwa, mtembee kwenye mchanga ulio wenu, mrekodi nani anaambiwa nini. Kisha mpelekeeni meneja rekodi kabla ya kuirusha, mpeni nafasi ya kujibu hewani. Wamakonde wa Kwale walikuwa na dai moja tu, kitambulisho, nao waliondoka kwao kwa miguu Oktoba 2016 kwenda Ikulu Nairobi, waandishi wa habari wakiwafuata njiani. Mwaka uliofuata vitambulisho vikaanza kutolewa, na leo wanahesabiwa kabila la 43. Wapemba wa pwani yetu wakafuata, wakatambuliwa 2023. Dai moja lililo wazi ndilo lililowafikisha.

Mzee wenu msimwache nje. Mkumbusheni Habib Saleh. Sharifu yule alikuja Lamu kutoka Ngazija, visiwa vya Komoro, akawasomesha watoto wa watumwa na maskini wa Langoni wakati ambapo wakubwa wa mji waliona elimu ile si ya watu wa aina hiyo. Walimpinga, na upinzani wao haukuuzuia Msikiti wa Riyadha kujengwa, na leo Maulidi ya Lamu hujaza mji kwa ajili ya alichokianza. Hakuna aliyemletea Habib Saleh fikra hizo kutoka Marekani. Mwombeni mzee aje studio asimulie habari hiyo mwenyewe. Mzee akiisimulia kwa mdomo wake, hatawaita tena waleta fitina.

SWALI

Bibi, mimi najitolea kutangaza katika redio ndogo huku Lamu. Juzi mtu alipiga simu akasema hewani wabara wote warudi kwao, akaongeza matusi. Nilibabaika. Pia wenzangu wanataka tufanye jambo tarehe 21 Machi. Siku hiyo ni ya nini hasa?

Mtangazaji, Lamu

JIBU

Tarehe 21 Machi mwaka 1960 polisi wa Afrika Kusini waliwapiga risasi watu waliokuwa wakipinga sheria ya pasi, vibali ambavyo Waafrika walilazimishwa kutembea navyo, huko Sharpeville, wakafa 69. Umoja wa Mataifa ukaifanya siku ya kupinga ubaguzi wa rangi duniani. AMARC, shirika la redio za jamii lililoanzia Montreal mwaka 1983, limewahi kuunganisha redio za nchi mbalimbali zitangaze pamoja siku hiyo. Jiungeni nayo mkipenda, ila msingoje Machi kwa jambo linalotokea Jumanne.

Kuhusu simu, kaka yangu, usibabaike tena. Lamu tunajua uzito wa neno "wabara". Juni 2014 waliuawa watu zaidi ya 60 Mpeketoni, wanakoishi wengi waliotoka bara, na vijiji vya jirani, na baada ya pale kila mtu alimtazama mwenzake kwa jicho la asili yake. Na kule Rwanda mwaka 1994 redio iliwaita watu mende hadi majirani wakachukua mapanga. Wakubwa wa redio hiyo walihukumiwa Arusha mwaka 2003.

Mpiga simu azungumze kwanza na mwenzako nje ya hewa, ataje anachotaka kusema, ndipo aunganishwe. Akigeuka hewani, mkate palepale. Usirudie tusi lake hata kwa kulilaani, maana aliyekuwa hajalisikia atalisikia kwako. Sema kwa sauti ya kawaida kwamba kituo hakirushi maneno ya chuki, na kwamba Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Kisha usipokee simu ya kujibu kutoka upande uliotukanwa dakika hiyohiyo. Weka kasida au tangazo, watu wapumue, na kesho yake mwalike mtu wa kijiji cha Hindi au Mpeketoni na mtu wa Mkomani, mtaa wa Lamu mjini, wazungumze juu ya jambo linalowagusa wote wawili, nauli ya boti za kuvukia Mokowe kwa mfano. Rekodi ya ile simu usiifute. Andika tarehe na saa, weka nakala kwa mkuu wa kituo, na mtu yule akipiga tena, mnayo ya kuipeleka kwa tume ya uwiano.